Kupiga Kambi na Kuufurahia Mto katika Msitu wa Kakamega

Anayepanga kulala usiku mmoja au miwili katika Msitu wa Kakamega kwa kawaida huanza kwa kuuliza habari za hema, blanketi na chakula. Mimi humwomba aanze kwa kuuliza habari za mto. Isiukhu, unaopita upande wa kaskazini wa msitu, na Yala, unaopita upande wa kusini, yote miwili hupokea maji kutoka nyanda za juu za Nandi, na kwa hiyo kina utakachokikuta karibu na kambi yako huwa kimeamuliwa na mvua iliyonyesha mahali usipopaona. Kambi nzima, tangu saa ya kuamka hadi mahali pa kupigilia vigingi, inafaa ipangwe kwa kuufuata ukweli huo.

Kwanza, upande wa kwenda. Sehemu ya kaskazini, yaani Buyangu, ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1985 na inasimamiwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Sehemu ya kusini, yenye kituo cha Isecheno, iko chini ya Shirika la Huduma za Misitu, KFS. Ukitoka Kisumu, utapanda matatu ya Kakamega. Anayekwenda Isecheno hushuka Khayega na kushika barabara ya Shinyalu kwa boda boda, na anayekwenda Buyangu hupita mjini Kakamega na kuendelea na barabara ya Webuye. Kwa familia inayokwenda kwa mara ya kwanza ningependekeza Buyangu, kwa sababu uwanja wa kambi, vibanda vya kulala na njia ya kwenda maporomoko ya Isiukhu viko katika eneo moja, na walinzi wako karibu. Ada za KWS hulipwa kwa njia ya mtandao kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, si kwa fedha taslimu langoni, kwa hiyo lipa ukiwa bado mjini ambako simu yako ina mtandao wa uhakika. Kumbuka pia kwamba tangu tarehe 5 Juni 2020 chupa za maji, vikombe, sahani na vijiko vya plastiki vya kutumiwa mara moja haviruhusiwi katika mbuga na misitu iliyohifadhiwa nchini Kenya. Beba vyombo vya chuma na maji kwenye jerikeni.

Miezi mizuri ni Desemba, Januari na Februari, ambapo mvua hupungua na njia hukauka. Aprili na Mei ni miezi ya masika, na mvua hurudi tena kwa nguvu mnamo Agosti na Septemba. Hata hivyo usitarajie ukavu kamili katika mwezi wowote, kwa maana msitu huu ni masalia ya mashariki kabisa ya misitu ya mvua ya Kongo, na hupokea takriban milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Jambo la kuzingatia zaidi ya mwezi ni saa. Katika nchi yote inayolizunguka Ziwa Viktoria kwa upande huu, asubuhi huwa tulivu, mawingu hujikusanya kuanzia adhuhuri, na ngurumo huanza alasiri. Kwa sababu hiyo shughuli zote za mtoni zimalizike kabla ya saa saba mchana, na alasiri iachwe kwa kupika, kupumzika, na kuwatazama mbega na kima wakirukaruka juu ya miti.

Kuhusu mahali pa kulala, hema hupigwa katika uwanja uliotengwa na si penginepo. Hata hivyo uwanja uliotengwa nao una sehemu nzuri na sehemu mbaya. Tazama chini kwanza: chagua mwinuko mdogo ambao maji ya mvua yatauacha pande zote, wala usichimbe mfereji kuzunguka hema, kwa kuwa udongo wa msitu ukishafunguliwa humomonyoka haraka. Kisha tazama juu: tawi kavu lililonasa kwenye kilele cha mti mkubwa laweza kuanguka usiku usio na upepo, baada tu ya kulowa na kuwa zito. Hatimaye tembea kuuzunguka uwanja ukitafuta siafu. Wakiwa na mstari unaopita mahali fulani jioni, hata kama ni mwembamba kama uzi, hapo hapafai. Majivu yaliyomwagwa kuzunguka hema huwapunguza kasi, lakini kinachowazuia hasa ni kutobakiza chakula ndani ya hema, hata kipande cha mkate.

Ikiwa utapiga kambi katika shamba la mtu nje ya hifadhi, kandokando ya mto, kwanza mwombe ruhusa mwenye shamba, kisha tafuta alama ya mafuriko. Ni rahisi kuiona: majani makavu, matete na vijiti vilivyonasa katika vichaka, vyote vikielekea upande unakokwenda mto. Hapo ndipo maji yalipofika mara ya mwisho. Hema likae juu ya alama hiyo, na juu sana, si kwa hatua mbili tatu.

Niliwahi kulidharau jambo hili. Tulikuwa na wapwa zangu watatu kwenye ukingo wa Yala, juu kidogo ya msitu, siku isiyokuwa na tone la mvua wala wingu juu ya vichwa vyetu. Watoto walikuwa wakicheza katika maji ya kufika magotini, na mzee mmoja aliyekuwa akikata nyasi ng'ambo ya pili akasimama, akasikiliza, kisha akatuita kwa sauti kuu: “Wanangu, tokeni majini. Mto umebadilisha sauti.” Sikusikia tofauti yoyote, lakini nilimtii kwa heshima ya mvi zake. Muda wa kuvaa viatu tu ulitosha kwa maji kugeuka rangi na kuyafunika mawe tuliyokuwa tumeanikia nguo. Nilipomshukuru, aliniambia kwamba Nandi kulikuwa kumenyesha tangu asubuhi.

Tangu siku hiyo nina desturi ambayo naihimiza kwa kila mtu. Mara tu ufikapo mtoni, chomeka kijiti ukingoni pale maji yanapokomea, na umpe mtoto mkubwa kazi ya kukitazama kila baada ya robo saa. Maji yakikizidi kijiti kwa upana wa vidole viwili, wote watoke. Watoke pia ikiwa maji yaliyokuwa angavu yameanza kuwa na rangi ya chai ya maziwa, ikiwa majani mabichi na vijiti vimeanza kuelea kwa wingi, au ikiwa mvumo wa mto umekuwa mzito kuliko ulivyokuwa mlipofika. Hakuna haja ya dalili zote kukutana, moja inatosha.

Kucheza majini kwenyewe kuna taratibu zake. Waulize walinzi ni wapi panaporuhusiwa, na usiingie mahali usipoona chini. Maporomoko ya Isiukhu yanapendeza kutazamwa na kupigiwa picha ukiwa umekaa kwenye miamba iliyokauka, lakini usiogelee chini yake hata kama unajua kuogelea vizuri. Maji yanayoanguka hujikunja na kurudi nyuma kuelekea ukuta wa mwamba, na aliyenaswa katika mzunguko huo huzamishwa na kuibuliwa na kuzamishwa tena. Zaidi ya hayo, maji yenye povu jingi yamejaa hewa, kwa hiyo hayambebi mtu kama maji ya kawaida. Mahali pazuri pa watoto ni kidimbwi cha kina kifupi, chenye mkondo hafifu, kisicho na mti ulioanguka upande wa chini. Mti ulioanguka majini ni hatari kuliko jiwe, kwa maana maji hupita katikati ya matawi yake na mtu hukwama hapo.

Kila mtoto avae jaketi la kuokolea maisha linalomtosha, lenye mkanda unaopita katikati ya mapaja ili lisimvuke kichwani. Majaketi haya hayapatikani msituni, kwa hiyo yatafutwe kabla ya safari. Mtu mzima mmoja asiyekuwemo majini, asiyepika na asiyeshika simu, akae upande wa chini wa mkondo akiwa na kamba ndefu mkononi. Anayechukuliwa na maji afundishwe mapema kulala chali, miguu ikitangulia mbele na vidole vya miguu vikiwa juu ya maji, na asijaribu kusimama mpaka afike mahali palipotulia, kwa kuwa mguu ukinaswa kati ya mawe, mkondo humwangusha kifudifudi na kumshikilia hapo. Anayetaka kumwokoa asiruke majini. Atupe kamba, au anyooshe mti mrefu akiwa amelala ukingoni.

Kuvuka mto kwa miguu ni jambo ambalo watu wengi hulifanya bila kufikiri. Maji yaendayo kasi yakizidi magoti, usivuke. Nguvu ya maji haiongezeki sawasawa na kasi yake: kasi ikiwa mara mbili, nguvu huwa mara nne, na ndiyo sababu mahali ulipovuka asubuhi kwa wepesi paweza kukuangusha jioni ingawa kina kinaonekana kuwa kilekile. Ikiwa kuvuka ni lazima na maji ni machache, vaa viatu, fungua mkanda wa kiunoni wa mkoba ili uweze kuutupa, shika fimbo imara, elekeza uso upande yanakotoka maji, na usogee kiubavuubavu, fimbo au mguu mmoja ukisogea kwa wakati mmoja.

Radi nayo ichukuliwe kwa uzito, kwa kuwa magharibi ya Kenya hupigwa na radi mara nyingi. Ukiona umeme na ngurumo ikafika kabla hujahesabu hadi 30, tokeni mtoni, ondokeni chini ya mti mrefu uliosimama peke yake, na mwingie katika jengo imara au ndani ya gari. Hema si kinga. Subirini nusu saa kamili baada ya ngurumo ya mwisho.

Maji ya kunywa yatoke nyumbani au kwenye bomba la kambi. Ukilazimika kutumia ya mto, yachuje kwa kitambaa safi na uyachemshe mpaka yatokote kwa nguvu kwa dakika moja nzima. Katika mwinuko wa Kakamega, ambao ni kama mita 1,600, dakika hiyo inatosha kuua vijidudu. Hata hivyo, kuchemsha hakuondoi zebaki. Kaunti hii imekuwa ikichimbwa dhahabu tangu miaka ya 1930, na hadi leo wapo wachimbaji wadogo wanaoosha udongo kwa zebaki katika vijito. Kwa hiyo usiteke maji ya kunywa chini ya mahali palipo na machimbo, hata ukiyachemsha kutwa.

Kupika hakuhitaji maelezo mengi. Mtungi wa gesi wa kilo 6, sufuria mbili na mwiko vinatosha. Githeri iliyochemshwa nyumbani, mayai, viazi vitamu na omena zilizokaangwa kabla ya safari huokoa muda. Kuni hazikusanywi msituni. Hata gogo lililooza ni makao ya viumbe, na ni kosa kuliondoa bila kibali. Anayetaka moto anunue kuni kwa wenyeji na auwashe mahali palipotengwa tu. Kima na nyani wanajua kufungua mifuko, kwa hiyo chakula kifungiwe katika ndoo yenye kifuniko kinachobana. Vyombo vioshwe angalau hatua 80 kutoka mtoni na maji machafu yamwagwe ardhini, kwa kuwa sabuni, hata kidogo, huwadhuru samaki na wadudu wa majini, na pia kuna familia zinazoteka maji huko chini.

Usiku vaa gambuti na ubebe tochi kila unapotoka. Msitu huu una nyoka wenye sumu kali, akiwemo bafe wa msituni, ambaye rangi zake hufanana kabisa na majani makavu naye hatoroki anapokaribiwa. Aliyeumwa asikatwe chale, asifungwe kamba wala asinyonywe jeraha. Atulizwe, avuliwe pete na saa, kiungo kilichoumwa kisitikisike, na afikishwe hospitalini Kakamega upesi. Namba ya dharura ya Msalaba Mwekundu ni 1199, nayo iandikwe kwenye karatasi, kwa maana simu huzimika. Chandarua ni cha lazima, kwa kuwa malaria ipo katika eneo hili mwaka mzima.

Jambo la mwisho hufanyika mkiwa mmekwisha kurudi nyumbani. Kichocho huingia kupitia ngozi katika maji yaliyotulia yenye konokono, hasa kandokando ya mito yaendayo polepole na kwenye fuo za ziwa, na kwa wiki kadhaa mtu huenda asihisi chochote. Ikiwa mlioga mahali pa namna hiyo, mpimwe baada ya wiki sita hadi nane; dawa yake ipo na humezwa kwa siku moja. Homa ikimpata yeyote kabla ya hapo, apimwe malaria siku hiyohiyo, na amweleze daktari bila kusubiri kuulizwa kwamba alilala msituni na kuingia mtoni, akitaja mto wenyewe na tarehe.