Namna ya Kuandaa Ziara ya Wanafunzi wa Zanzibar Nchini Ufaransa

Ziara ya wanafunzi kwenda kuiona Ufaransa inawezekana kwa skuli au chuo cha Unguja na Pemba, ila inataka matayarisho ya miezi sita kwa uchache, na sehemu kubwa ya matayarisho hayo haihusiani na Paris hata kidogo. Inahusiana na vyeti, fedha, makubaliano na wazee wa wanafunzi, na uamuzi wa mapema kuhusu nini kundi linakwenda kutazama na nini litakiacha. Maelezo haya ni ya mwanafunzi anayetaka kujiunga na kundi na pia ya mwalimu atakayeliongoza, kwani mmoja wao akilegea mwengine hukwama.

Anzeni na majina

Kabla hamjazungumzia ndege wala hoteli, kila mwanafunzi alete cheti cha kuzaliwa, Kitambulisho cha Mzanzibari na vyeti vyake vya skuli, kisha mwalimu akae naye wavisome pamoja herufi kwa herufi. Hapa ndipo safari nyingi huchelewa. Cheti kimoja kimeandikwa Abdalla na kingine Abdallah. Huku ni Khamis na kule ni Hamis. Jina la babu limo katika kitambulisho na halimo katika cheti cha kuzaliwa. Nyumbani hakuna anayeshughulika na tofauti hizo kwa sababu mtu anajulikana ni mtoto wa nani na anakaa shehia gani, lakini afisa wa ubalozi ana karatasi tu mbele yake. Kasoro ikionekana, irekebishwe kwenye usajili wa vizazi kabla ya kuomba pasipoti, si baada yake, kwa sababu jina la pasipoti ndilo litakaloandikwa kwenye viza, kwenye bima na kwenye tiketi ya ndege.

Pasipoti yenyewe iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, iwe na kurasa mbili tupu, na ibakie hai kwa muda usiopungua miezi mitatu baada ya siku mtakayotoka Ulaya. Mwanafunzi ambaye pasipoti yake inakaribia kwisha asingoje. Aishughulikie Uhamiaji mara tu jina lake linapoingia katika orodha ya wasafiri.

Viza

Ufaransa imo katika eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, kwa hiyo mtaomba viza ya muda mfupi, ambayo kwa ukomo wake humruhusu mtu kukaa siku 90 ndani ya kila siku 180. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na yasiwasilishwe zikiwa zimebaki chini ya siku 15. Kwa kawaida jibu hutoka ndani ya siku 15, ila sheria inaruhusu uchunguzi kufika siku 45, na kundi likiwa kubwa hakuna sababu ya kucheza na muda: miezi miwili na nusu au mitatu kabla ya kuondoka ni wakati mzuri. Fomu hujazwa kwenye tovuti rasmi ya France-Visas, ikachapishwa na kutiwa saini, halafu mwombaji mwenyewe huvuka kwenda Dar es Salaam siku ya miadi ili atoe alama za vidole. Alama hizo huhifadhiwa kwa miezi 59, kwa hiyo aliyewahi kuzitoa katika muda huo huenda asitakiwe kuzitoa tena. Kwa wanafunzi wa Pemba, hesabuni boti mbili na usiku mmoja au miwili njiani, na bahari ikichafuka ziada ya siku moja itawaokoa na kupoteza miadi.

Ada ya viza kwa mtu mzima ni euro 90, na hairudishwi hata kama maombi yamekataliwa. Hata hivyo kanuni za Schengen zinawasamehe ada hiyo wanafunzi pamoja na walimu wanaofuatana nao iwapo safari ni ya masomo au mafunzo. Kama ziara yenu kweli ina shughuli ya kielimu, barua ya skuli iieleze waziwazi: somo gani, makumbusho zipi, mwenyeji ni nani, na ratiba ya kila siku. Kama ni matembezi matupu, semeni ni matembezi na mlipe.

Pamoja na barua hiyo kila mmoja atahitaji bima ya safari yenye kinga isiyopungua euro 30,000 kwa matibabu na kurejeshwa nyumbani, ithibati ya mahali pa kulala kwa usiku wote, oda ya tiketi ya kwenda na kurudi, na taarifa ya benki ya mzee au mfadhili anayemlipia. Mwanafunzi aliye chini ya miaka 18 aongeze idhini ya maandishi ya wazee wake. Barua ya sheha husaidia kuonyesha makaazi, lakini haichukui nafasi ya taarifa ya benki.

Jambo moja huwa gumu kusemwa mapema na ndilo linalostahili kusemwa mwanzo kabisa: ijapokuwa mnasafiri kundi, kila ombi huamuliwa peke yake, na inaweza kutokea watu kumi na tisa wakapata na mmoja akanyimwa. Kikao cha kwanza na wazee kiandike ni kiasi gani cha mchango wake kitarejeshwa, nani atabeba gharama za hoteli zilizokwisha kulipwa, na ada zipi zimekwenda moja kwa moja. Karatasi hiyo itiwe saini na mzee wa kila mwanafunzi. Tena, msinunue tiketi zisizobadilishika kabla viza hazijatoka, hata wakala akisisitiza vipi kwamba bei inapanda. Wekeni oda tu. Kutoka Uwanja wa Ndege wa Abeid Amani Karume mnaweza kuunganisha safari kupitia Addis Ababa, Doha au Istanbul bila ya kwenda Dar.

Wakati wa kwenda, mavazi na ibada

Aprili, Mei na Septemba ndiyo miezi ninayoipendekeza. Julai na Agosti foleni ni ndefu na vyumba ni ghali. Disemba mwangaza wa mchana haufiki muda wa saa tisa na baridi humchosha mtu asiyeizoea. Juni ni mwezi mzuri kwa kutembea, lakini jua huchwea Paris karibu na saa nne usiku na Isha huingia karibu na usiku wa manane, ilhali Alfajiri nayo huja mapema sana. Mwalimu akipanga watu waamke saa kumi na mbili kila siku, watoto watasinzia ndani ya makumbusho. Kabla ya kuondoka mumwendee sheikh wenu awafafanulie hukumu za kupunguza na kukusanya Sala kwa msafiri, ili kila mmoja ajue anachokifanya na msijadiliane mkiwa kwenye stesheni ya treni.

Kuhusu mavazi, sheria iko wazi na wazee waelezwe mapema. Tangu Aprili 2011 ni marufuku kuziba uso mahali pa hadhara nchini Ufaransa, na faini yake hufika euro 150. Kwa hiyo nikabu haivaliwi mitaani. Mtandio, hijabu, buibui lenye uso wazi, kanzu na kofia havina tatizo njiani, kwenye treni wala kwenye makumbusho. Skuli za serikali ni suala jengine, kwani tangu 2004 wanafunzi wao hawaruhusiwi kuvaa alama za dini zinazoonekana waziwazi. Ikiwa ratiba yenu inajumuisha kutembelea skuli kama hiyo, waulizeni wenyeji namna wanavyowapokea wageni.

Makoti mazito msiyanunue Ulaya. Mitumba ya Darajani na Mwanakwerekwe ina makoti ya hali nzuri kwa bei ndogo, na hata mwezi wa Aprili mtayahitaji asubuhi. Viatu viwe raba zilizokwisha kuvaliwa wiki kadhaa, maana raba mpya na mawe ya mitaa ya Paris huumiza vibaya. Plagi zao ni za pini mbili za duara, si tatu za bapa kama zetu, kwa hiyo chukueni adapta.

Nini kitazamwe

Ratiba nyingi zinazouzwa na mawakala huweka vitu saba kwa siku moja, na matokeo yake mwanafunzi hurudi na picha asizozikumbuka ni za wapi. Ninashikilia kwamba vitu viwili kwa siku vinatosha, na kwamba kundi linalotoka Zanzibar lichague njia yenye uhusiano na kwao.

Siku moja ya Paris itumieni eneo la tano la jiji. Hapo upo Msikiti Mkuu wa Paris, uliofunguliwa 1926 kwa kuwakumbuka askari Waislamu waliokufa wakiipigania Ufaransa katika Vita Kuu ya Kwanza. Una mnara wa mita 33, bustani, na mkahawa wa chai ya nanaa. Salini hapo Adhuhuri. Mkivuka barabara mnaingia Jardin des Plantes, iliyoanza 1635 kama bustani ya kifalme ya miti ya dawa, na kwa miguu mnafika Institut du Monde Arabe (Taasisi ya Ulimwengu wa Kiarabu), ambayo kutoka juu ya paa lake mto Seine na kanisa la Notre-Dame huonekana vizuri sana. Kanisa hilo liliungua tarehe 15 Aprili 2019 na kufunguliwa tena Disemba 2024. Kuingia ni bure, na kwa kuwa ni nyumba ya ibada, tulieni ndani yake kama mnavyotaka wageni watulie katika misikiti yetu.

Makumbusho ya Louvre hufungwa Jumanne. Kasri ya Versailles na makumbusho ya Orsay hufungwa Jumatatu. Pangeni ratiba kwa kuzingatia hilo. Walio chini ya miaka 18 huingia Louvre bila ya malipo, lakini msamaha wa vijana wa 18 hadi 25 ni wa wakaazi wa Ulaya tu, na tangu Januari 2026 wageni wa nje ya Ulaya hutozwa zaidi. Kundi ni lazima liweke nafasi mapema. Mkishaingia, msikimbilie mchoro wa Mona Lisa pamoja na umma wote. Anzeni na kumbi za sanaa za Kiislamu, zilizofunguliwa 2012, ambako mtasimama mbele ya vigae na vyombo kwa utulivu. Mnara wa Eiffel, uliojengwa kwa maonyesho ya 1889 na wenye urefu wa mita 330, hupandwa kwa ngazi 674 hadi ghorofa ya pili kwa bei nafuu kuliko lifti.

Kisha tokeni Paris. Treni ya kasi huondoka stesheni ya Gare de Lyon, ambayo imo ndani ya Paris kinyume na jina lake, na hufika Lyon kwa takriban saa mbili. Huko ndiko alikozaliwa Pierre Poivre mwaka 1719, mtu aliyefanikisha kutolewa kwa miche ya mikarafuu visiwa vya Maluku, katika Indonesia ya leo, na kupelekwa Mauritius, iliyokuwa ya Wafaransa, mwaka 1770, wakati Waholanzi wakiilinda miche hiyo kwa ukali. Na kutoka visiwa vya Wafaransa vya upande huo ndiko mkarafuu ulikofikia Unguja mwanzoni mwa karne ya 19. Mwanafunzi aliyepanda mkarafuu kule Wete akavunja vikonyo kwa mkono wake anapaswa kuijua njia hiyo. Kutoka Lyon mwendo usiofika saa mbili unawafikisha Marseille, mji wa bandari wenye jamii kubwa ya Wakomoro kuliko mji mwengine wowote wa Ufaransa. Wengi wetu tuna damu ya Ngazija, na wengine wana shangazi au ami kabisa huko. Kwa sababu hiyo hiyo iwekwe kanuni: hakuna kwenda kulala kwa jamaa bila ya idhini ya maandishi kutoka kwa wazee, iliyoletwa kwa mwalimu kabla ya kuondoka Zanzibar.

Mwendo wa kundi

Metro ya Paris, yaani treni ya chini ya ardhi, ndiyo inayopoteza watu. Milango hufungwa baada ya mlio mfupi na dereva hamngoji mtu. Mwalimu aingie wa mwanzo, msaidizi wake awe wa mwisho, na kila mwanafunzi akariri kanuni hii: aliyeachwa abaki palepale alipo, na waliotangulia washuke kituo kinachofuata wamngoje. Kila mmoja awe na kadi yake ya nauli iitwayo Navigo Easy, kwani kadi moja haitumiki na watu wawili katika safari moja, na aishike mpaka atoke nje kwa kuwa wakaguzi husimama njiani. Saa za kukutana ziandikwe kwa tarakimu kama zilivyo kwenye tiketi: 14:30 ni saa nane na nusu mchana.

Wezi wa mifukoni wako kwenye metro, chini ya Eiffel na mbele ya Louvre. Anayekuleteeni karatasi ya kutia saini au kumfunga mtu uzi mkononi anataka mkono ushughulike, piteni. Pasipoti ikae kwenye kipochi ndani ya nguo, nakala kwenye begi. Nambari ya dharura ni 112, na Tanzania ina ubalozi wake Paris.

Chakula cha halali kinapatikana kwa urahisi katika miji yote mitatu. Kwenye vifungashio tafuteni maneno porc (nguruwe), jambon (paja la nguruwe), lardons (vipande vya nyama ya nguruwe yenye mafuta) na gélatine (jelatini, ambayo huenda ikatokana na nguruwe), na mkiyaona achaneni navyo. Maji ya bomba ni salama, na mgahawani mkiomba carafe d'eau (jagi la maji) huletewa bure. Mkiingia dukani semeni bonjour kabla ya kuuliza chochote. Mzanzibari hana haja ya kufundishwa kusalimia.

Mkirudi, mwalimu awakabidhi wazee hesabu ya maandishi ndani ya wiki moja, ikiwa na stakabadhi, na euro zilizobaki zigawiwe kwa uwiano wa michango, akianza na yule aliyenyimwa viza.