Somo: Kusanifu Postikadi ya Kuitangaza Klabu ya Michezo ya Vijana

Somo hili limekusudiwa kocha, katibu wa klabu au msanifu anayejitolea, ili aweze kuandaa postikadi ya ukubwa wa A6, yenye pande mbili, itakayogawiwa kwa mkono kwa wanafunzi. Mfano tutakaoufuata ni wa klabu ya mpira wa kikapu jijini Dar es Salaam inayopokea wasichana na wavulana wa miaka 8 hadi 15, lakini hatua ni zilezile kwa netiboli, soka, riadha au kuogelea.

Kwetu postikadi ya aina hii haipiti posta, kwa kuwa barua zetu nyingi huishia kwenye masanduku ya posta badala ya kuletwa milangoni; hii husafiri ndani ya begi la shule. Hali hiyo ndiyo inayoamua karibu kila kitu katika usanifu wake: anayeipokea ni mtoto, lakini anayeamua ni mzazi, jioni, mtoto anapoitoa begini na kuanza kubembeleza. Kwa hiyo upande wa mbele ni wa mtoto, na upande wa nyuma ni wa mzazi. Kadi nyingi hushindwa kazi kwa sababu pande zote mbili zimejaa historia ya klabu na makombe yake, huku mzazi akitafuta bila kupata mahali palipoandikwa mazoezi yanaanza saa ngapi na yanaisha saa ngapi.

Hatua ya 1: Andika maneno kwanza

Usifungue programu yoyote kabla maneno hayajakamilika kwenye karatasi. Kwa upande wa mbele maneno manne au matano yanatosha, kwa mfano «Njoo ucheze kikapu nasi», pamoja na jina la klabu. Kwa upande wa nyuma, andika kana kwamba mzazi amekusimamisha njiani na anakuuliza maswali yake moja baada ya jingine:

Mpira wa kikapu kwa wasichana na wavulana, miaka 8–15
Jumanne na Alhamisi, saa 10:00 hadi 11:30 jioni
Jumamosi, saa 2:00 hadi 4:00 asubuhi
Uwanja wa shule ya msingi, nyuma ya soko, karibu na kituo cha daladala
Kocha wa kike yupo kila siku ya mazoezi
Wiki ya kwanza ni bure. Njoo na raba na maji ya kunywa, mipira tunayo.
Simu na WhatsApp: (namba ya klabu)

Kila mstari hapo una kazi yake. Saa ya kumaliza humhakikishia mzazi kwamba mtoto atafika nyumbani kabla ya magharibi. Mstari wa kocha wa kike, ambao klabu nyingi huusahau hata pale kocha huyo anapokuwepo, ndio unaomwezesha mama mwenye binti wa miaka 13 kusema «haya, nenda». Sentensi ya raba na maji humwambia mzazi mwenye kipato kidogo kwamba hatatakiwa kununua mpira wala jezi kesho yake. Kama klabu imesajiliwa kupitia Baraza la Michezo la Taifa, andika namba ya usajili kwa herufi ndogo chini kabisa. Na kama kuna ada, itaje wazi, kwa sababu mzazi asiyeona bei hudhani ni kubwa.

Andika saa kwa Kiswahili peke yake. Kadi inayochanganya saa 10:00 jioni upande mmoja na saa 16:00 upande mwingine huzaa simu nyingi zisizo za lazima.

Hatua ya 2: Tayarisha ukurasa

A6 ni milimita 105 kwa 148. Ongeza milimita 3 kila upande, ili ukurasa wako uwe milimita 111 kwa 154, kwa sababu mashine ya kukatia karatasi haikati mahali pamoja kila mara, na bila nyongeza hiyo utapata mstari mweupe ukingoni. Maneno na nembo vikae ndani, angalau milimita 5 kutoka mstari wa kukatia. Programu za usanifu za Canva, Inkscape na Scribus zote zinafaa kwa kazi hii, na mbili za mwisho hazina malipo. Anayetumia CorelDRAW au Illustrator aendelee nayo.

Hatua ya 3: Picha ya mbele

Hapa ndipo utumie muda wako mwingi. Picha moja kubwa ya mtoto anayecheza hushinda picha sita ndogo, na hushinda kwa mbali picha ya timu nzima iliyopiga magoti mbele ya goli, kwa sababu katika upana wa sentimita 15 sura za watu ishirini hazionekani. Tafuta kitendo: msichana anayedunda mpira huku macho yake yakitazama mbele, au mvulana aliyeruka na mpira ukiwa bado kwenye ncha za vidole. Mtoto mwingine akiiona kadi hiyo, anajiona yeye.

Piga picha kati ya saa 10:00 na saa 12:00 jioni. Jua la saa sita la Dar es Salaam huangukia juu ya kichwa na kuacha vivuli vyeusi machoni, na hakuna programu itakayorudisha vizuri macho yaliyopotea kivulini. Mpiga picha achuchumae ili kamera iwe usawa wa kifua cha mtoto. Kwa njia hiyo mchezaji huonekana mrefu, na nyuma yake inaonekana anga badala ya ukuta wa uwanja na mabegi yaliyorundikwa.

Ngozi nyeusi ina jambo lake ambalo wachapaji wengi hawatakuambia. Kwenye skrini, uso huangazwa na mwanga wa simu yenyewe. Kwenye karatasi, uso hutengenezwa na nukta za wino, na nukta hizo hutanuka kidogo zinapoifikia karatasi, hivyo sehemu iliyokuwa ya kahawia inakuwa nzito zaidi. Matokeo yake ni watoto wetu kutoka kwenye kadi wakiwa vivuli visivyo na sura. Dawa yake ni kuinua mwanga wa kati wa picha, yaani ule ulio baina ya kivuli na mng'ao, mpaka uso uonekane umezidi mwanga kidogo kwenye skrini, huku ukilinda sehemu zinazong'aa kwenye paji la uso na mashavu zisigeuke nyeupe tupu. Usiinue picha nzima kwa mkupuo mmoja, kwani anga na jezi vitapauka. Mtoto ana haki ya kutambulikana kwenye kadi ya klabu yake, na dakika ishirini za kurekebisha uso mmoja si muda uliopotea.

Kwa picha inayojaza upande wote, na kwa kipimo cha pikseli 300 kwa inchi, unahitaji takriban pikseli 1819 kwa 1311. Simu nyingi za sasa hufikisha kiwango hicho bila shida, ila picha ikitumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hubanwa na kupoteza ubora. Mwambie aliyeipiga aitume kama dokyumenti.

Hatua ya 4: Rangi

Anza na rangi za jezi ya klabu, kisha uzitazame kwa macho ya mtaa. Dar es Salaam kadi nyekundu na nyeupe husomwa kuwa ya Simba, na ya kijani na njano husomwa kuwa ya Yanga, na kijani na njano ni rangi za CCM pia. Kama hizo ndizo rangi zenu za asili, zitumieni, lakini ongezeni rangi ya tatu iliyo yenu wenyewe ili mzazi asidhani anaalikwa kwenye tawi la mashabiki.

Epuka kutegemea rangi kali za vizibao vya mazoezi, ile ya chungwa au ya kijani inayowaka. Mashine ya uchapaji huchanganya wino wa aina nne, yaani samawati, majenta, manjano na nyeusi, na mchanganyiko huo hauwezi kuutoa mwako ule. Rangi itatoka imefifia, hata kwa mchapaji hodari.

Hatua ya 5: Herufi

Aina moja ya herufi inatosha, nene kwa kichwa na ya kawaida kwa maelezo. Upande wa nyuma usishuke chini ya pointi 9, na namba ya simu iwe pointi 14 au zaidi, kwa sababu bibi na babu pia husoma kadi hizi. Maandishi madogo meusi yachapwe kwa wino mweusi peke yake. Yakitengenezwa kwa wino zote nne, kupishana kidogo tu kwa karatasi mashineni kunaacha ukungu wa rangi pembeni mwa kila herufi.

Hatua ya 6: Nafasi ya kalamu

Upande wa nyuma, acha mahali patupu penye mistari miwili: «Jina la mtoto» na «Karibu siku ya». Kocha anayezungukia darasa akiandika jina la mtoto mbele yake amempa kitu ambacho tangazo la mtandaoni haliwezi kumpa. Ndiyo maana upande huo usipigwe laminesheni wala usichapwe kwenye karatasi inayong'aa, ambako wino wa kalamu hauandiki au unafutika.

Ukitaka kuweka msimbo wa QR, uwe na upana wa sentimita 2 au zaidi, mweusi juu ya nyeupe, na uzungukwe na nafasi nyeupe. Usiufanye uchukue nafasi ya namba ya simu.

Hatua ya 7: Uchapaji

Hifadhi kazi yako kama PDF, pamoja na ile nyongeza ya milimita 3. Omba karatasi ya gramu 300 kwa mita ya mraba. Ya gramu 150 itakunjamana begini kabla ya kufika nyumbani. Jambo moja litakaloiokolea klabu fedha: karatasi ya SRA3, ambayo hutumika sana katika mashine za kidijitali, ina milimita 320 kwa 450, na inapokea kadi nane za A6 pamoja na nyongeza zake. Kwa hiyo agiza kwa mafungu ya nane: kadi 400 ni karatasi 50 kamili. Kabla ya kulipia zote, lipia moja ya majaribio, toka nayo juani na uisome nje, kisha piga ile namba ya simu kutoka kwenye kadi yenyewe, si kutoka kichwani.

Maswali ya wanachama wa klabu mbalimbali

*Mwanachama kutoka Tanga:* Shikamoo mwalimu. Klabu yetu haina kompyuta. Je, kazi hii inawezekana kwa simu pekee?

Marahaba. Inawezekana kwa Canva ya simu. Jambo la kuangalia ni kuweka vipimo vya ukurasa wewe mwenyewe kwa milimita, usianze na kiolezo cha mitandao ya kijamii, na unapopakua uchague PDF ya kuchapia. Maandishi ya nyuma yapitie mara mbili baada ya kukuza skrini, maana makosa ya tarehe na namba hujificha kwenye skrini ndogo.

*Mwanachama kutoka Mombasa:* Mama mmoja alikubali kwa mdomo picha ya mwanawe itumike, kisha akabadilisha nia kadi zikiwa tayari. Tufanyeje, nasi tumeshalipa?

Kadi hizo zisigawiwe. Najua inauma, lakini mtoto ni wake na uso ni wa mtoto. Sheria ya Kenya ya kulinda data ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia taarifa za mtoto, na Tanzania nayo ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Kwa safari ijayo, tayarisheni fomu ya ukurasa mmoja inayoeleza picha itatumika wapi na kwa muda gani, isainiwe na mzazi baada ya kuonyeshwa picha yenyewe, si kabla. Kwenye kadi, kamwe msiweke pamoja sura ya mtoto, jina lake na shule anayosoma. Kama mnahitaji kadi haraka, picha ya mikono ya watoto kadhaa iliyoshika mpira mmoja inafanya kazi nzuri sana.

*Mwanachama kutoka Mwanza:* Mfadhili wetu anataka nembo yake ichukue nusu ya upande wa mbele. Tukikataa tunaogopa kumpoteza.

Mwonyesheni kadi mbili zilizochapwa, moja kwa matakwa yake na nyingine ikiwa na nembo yake nyuma, chini, kwenye ukanda mweupe, na mziweke mbele ya watoto wachache naye akiwepo. Mfadhili anataka kadi ipendwe ili jina lake lifike nyumbani, na akiona mtoto ameinyanyua ipi, mazungumzo huwa mepesi. Hata hivyo, kama bidhaa yake ni pombe au kamari, msiiweke kwenye kadi ya watoto kwa ukubwa wowote.

*Mwanachama kutoka Kampala:* Huku kwetu wazazi wengine wanasoma Kiingereza, wengine Kiganda, wengine Kiswahili. Tuweke lugha zote tatu?

Siku, saa na namba ya simu zinaeleweka na wote, kwa hiyo zipewe nafasi kubwa zaidi. Maelezo yaliyobaki yawekeni kwa lugha mbili zinazosomwa zaidi na wazazi wa shule mnazozilenga, kila lugha ikiwa na safu yake. Lugha tatu kwenye A6 zitawalazimisha kushuka chini ya pointi 9. Mkiona hamwezi kuiacha hata moja, chapeni matoleo mawili ya upande wa nyuma na mbele ibaki ileile. Wachapaji wa mtaa wa Nasser Road hapo Kampala wamezoea kazi za aina hiyo, na kwenye mashine ya kidijitali kubadili upande mmoja hakuhitaji kutengeneza bamba jipya la kuchapia.

*Mwanachama kutoka Dodoma:* Ni wakati gani mzuri wa kugawa?

Wiki ya mwisho kabla ya likizo ya Juni au ya Desemba, kwa ruhusa ya mwalimu mkuu, baada ya mitihani. Kadi ikigawiwa katikati ya mitihani, mzazi huiweka kando, na mkianza mazoezi siku tatu baada ya shule kufungwa, mtoto bado anayo mkononi.