Namna ya kuwapa wazazi matokeo ya mtihani bila kuanika taarifa za darasa zima

Wiki iliyopita nilikaa na mwalimu wa taaluma wa shule jirani kuandaa matokeo ya muhula ya kidato cha pili. Kama ilivyo katika shule nyingi, walizoea kurusha faili zima la Excel kwenye gurupu la wazazi: alama za kila mtoto, simu ya mzazi, hadi deni la mchango wa chakula. Nimeandika hatua tulizopitia kwa ajili ya walimu wengine. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inahesabu taarifa za watoto kuwa taarifa nyeti. Na hata bila sheria, mtoto aliyepata F ya Hisabati hastahili mtaa mzima ujue kabla hajafika nyumbani.

Hatua ya 1: Chagua kinachotoka

Jina, alama, wastani, maoni ya mwalimu wa darasa. Namba ya PReM (namba ya utambulisho ya mwanafunzi), tarehe ya kuzaliwa, hali ya afya, nani yatima: hayo yanabaki ofisini.

Hatua ya 2: Tengeneza faili jipya, usifiche safu

Hapa ndipo tulipomaliza mchana mzima. Mwalimu alikuwa ameficha safu za simu na madeni akaamini zimeondoka. Kuficha ni kushusha pazia tu. Mzazi yeyote akibofya "Unhide" anaona kila kitu. Kupaka seli rangi nyeusi, au kuandika kwa maandishi meupe, hakusaidii pia.

Kibaya zaidi, ukichagua jedwali lenye safu zilizofichwa kwa mkono ukalinakili, zile safu zinakuja nazo kimyakimya. Kwa hiyo chagua jedwali, bonyeza Alt pamoja na nukta mkato ili uchukue seli zinazoonekana tu, kisha nakili. Fungua faili jipya kabisa (shiti mpya ndani ya faili lilelile haitoshi) na ubandike kwa "Paste Values". Ukibandika kawaida, fomula za VLOOKUP (zinazovuta data kutoka jedwali jingine) zinaweza kubaki zimeshikana na faili la zamani na kubeba data yake. Pivot table (jedwali la muhtasari) nayo huhifadhi nakala ya data iliyotumika kuitengeneza, hata ukiifuta ile shiti ya mwanzo. Usiihamishe.

Ukimaliza, nenda File, Info, Check for Issues, Inspect Document. Itakuonyesha safu, mistari na shiti zilizofichwa. Sisi tulikuta shiti nzima ya mwaka uliotangulia, yenye majina ya wanafunzi waliokwishahama.

Na usidanganywe na "Protect Sheet": inazuia kuhariri tu. Faili kuu la ofisini lifunge kwa "Encrypt with Password", nenosiri alijue mwalimu wa taaluma na mkuu wa shule.

Hatua ya 3: Kila mtoto karatasi yake

Tumia mail merge ya Word, inayochukua alama kwenye Excel na kumtengenezea kila mtoto ripoti yake. Mimi napendelea karatasi kuliko simu: ripoti ikunjwe, ipigwe pini, jina liandikwe kwa nje, na mzazi asaini daftari anapoichukua. Simu ya mzazi mara nyingi inashikwa na familia nzima, na picha ikishatumwa huwezi kuiita irudi. Kama lazima utume, tuma PDF ya mtoto mmoja kwa namba ya mzazi mmoja.

Hatua ya 4: Steshonari

Shule nyingi hazina printa inayofanya kazi, kwa hiyo ripoti huchapwa mtaani. Peleka kwa flashi, fungua humo humo, simama pale hadi karatasi ya mwisho itoke. Kopi zilizoharibika ondoka nazo, la sivyo kesho zitafungia maandazi. Usimtumie mwenye duka faili kwa WhatsApp, litabaki kwenye kompyuta yake. Kama ulifungua WhatsApp yako pale, ingia "Linked devices" kwenye simu na uitoe kabla hujaondoka dukani.

Hatua ya 5: Gurupu la wazazi

Liwe la matangazo tu: tarehe ya kikao, siku ya kufunga shule. Viongozi peke yao ndio waandike.

Picha za watoto zisiwekwe bila ridhaa ya mzazi iliyoandikwa. Septemba 2023, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ya Kenya iliitoza shule moja ya Uthiru, Nairobi, faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi wadogo bila ridhaa ya wazazi. Tanzania nayo ina Tume yake ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na mzazi ana haki ya kupeleka malalamiko huko.

Hatua ya 6: Mwalimu akihama

Siku anapokabidhi ofisi, mtoe kwenye gurupu, badilisha nenosiri, na afute mafaili ya shule kwenye simu na kompyuta yake mbele ya mkuu wa shule. Liandikwe kwenye hati ya makabidhiano pamoja na funguo na vitabu.