SOMO: Sikia vimondo kwa redio ya FM ujue kwa nini vinasumbua rada za masafa marefu

Wanachama hamjambo. Kimondo kinaingia kwa kilomita 11 mpaka 72 kwa sekunde, kinaungua kule juu kilomita 80 hadi 120, na nyuma kinaacha mkia wa elektroni huru ambao mawimbi ya redio yakiugonga yanarudi chini. Mwaka 1944 jeshi la Uingereza lilikuwa linasaka maroketi ya V-2 ya Wajerumani kwa rada za kulengea mizinga za wimbi la mita 5 hivi, basi alama zikawa zinatokea tu kwenye kimo cha kilomita 100 hivi na roketi hakuna, watu wanapewa tahadhari bure. Mwanafizikia Mwingereza James Stanley Hey na wenzake ndo wakaonyesha ni vimondo. Mwangwi huohuo unaweza kuusikia hapo kwako.

1. Tafuta redio ya FM yenye antena ya kuvuta na namba za masafa.

2. Tafuta masafa matupu, uvumi peke yake. Kampala stesheni zimebanana mno, ukiwa kijijini Karamoja huko utapata kirahisi. Chagua namba ambayo kuna stesheni kubwa inarusha Mombasa au Dar, maana umbali mzuri ni kilomita 500 mpaka 2000 hivi.

3. Kaa kuanzia saa kumi alfajiri mpaka kuche, saa hizo upande wetu wa dunia ndo umetangulia mbele kwenye safari ya kuzunguka jua kwa hiyo tunavikuta vimondo vingi zaidi. Usiku wa 13 kuamkia 14 Disemba usiuache kabisa, ni wa Jeminidi, mvua ya vimondo inayokuja kila mwaka.

4. Sikiliza bila kugusa kitu. Uvumi unakatika ghafla, neno moja au kipande cha mziki kinapita, halafu uvumi tena. Mkia mnene unaweza kushika sekunde kadhaa. Stesheni ikikaa dakika nzima hiyo siyo kimondo, ni hali ya hewa imebeba mawimbi.

MASWALI

Swali (Gulu): Mwalimu, mawingu yakifunga?
Jibu: Haina shida ndugu yangu, mawimbi ya FM yanapita mawinguni, hata mchana utasikia.

Swali (Entebbe): Na rada za ndege je?
Jibu: Hizo kwa kawaida zinatumia gigahezi 1 kwenda juu na hapo mkia haurudishi kitu cha maana. Wanaoteseka ni wa megahezi 100 kushuka, hasa rada zinazotazama ng'ambo ya upeo wa macho.

Swali (Mbale): Sasa wao wanatofautisha vipi?
Jibu: Wanasubiri mizunguko kadhaa ya rada dada yangu. Mikia mingi inafifia chini ya sekunde moja, ule unaobaki unasukumwa polepole na upepo wa huko juu, lakini roketi kila mzunguko inakuwa imesogea mbali kwenye njia yake.