Paka Hapiti Kwenye Kilango Chake? Mfundishe Hivi

Mimi ni fundi seremala, Tanga mjini. Kazi yangu ni milango na madirisha, na kwa miaka kadhaa sasa natoboa pia vilango vya paka kwenye milango ya jikoni na ya uani. Wanaonipigia simu wana shida ileile. Wakitaka panya wapungue, paka lazima aingie na kutoka usiku kucha. Wakitaka walale bila mbu na bila wasiwasi wa wezi, mlango lazima ufungwe mapema. Kilango kinapatanisha hayo mawili.

Kutoboa mlango ni kazi ya asubuhi moja. Kinachonirudisha kwenye nyumba za watu ni simu ya siku ya tatu: "Fundi, mlango umeshautoboa, na paka amekaa pale anakitazama tu." Zamani nilikuwa najibu kwamba atazoea. Sijibu hivyo tena, maana nimeona paka waliokaa miezi mingi bila kuzoea, wanalia mlangoni alfajiri mpaka mtu aamke.

Kuna jambo moja ukilielewa, mengine yote yatakuwa mepesi. Paka haogopi tundu. Muonyeshe boksi, pengo la ukuta, nafasi chini ya kabati, ataingia bila kuitwa. Kwenye kanisa kuu la Exeter, Uingereza, kuna mlango wa kale wenye tundu la duara chini yake, na hesabu za zama za Askofu William Cotton, aliyeshika kiti kuanzia 1598 hadi 1621, zinaonyesha seremala walilipwa peni 8 kwa kulikata kwa ajili ya paka wa askofu. Tundu lile ni wazi, halina kifuniko. Paka wa askofu hakuhitaji somo lolote. Kinachomshinda paka wako ni kile kipande kinachoning'inia, nitakachokiita kibawa. Kinamgusa uso, kinamziba macho, kinamfuata mgongoni, kisha kinagonga nyuma yake. Kwa hiyo tutaanza bila kibawa, halafu tukirudishe kidogo kidogo.

Hatua ya kwanza: hakikisha kilango chenyewe kinapitika

Kabla hujamlaumu paka, pima. Mwekee chakula karibu na ukuta, na akiwa amesimama anakula weka alama ya chaki usawa wa tumbo lake. Ukingo wa chini wa tundu uwe hapo, ambapo kwa paka wengi ni kama sentimita 12 hadi 15 kutoka sakafuni. Upana wa sentimita 16 hadi 18 unamtosha paka mkubwa. Halafu toka nje upime tena! Nyumba zetu nyingi zina kizingiti, na uani ni chini kuliko jikoni, kwa hiyo tundu lililo sawa upande wa ndani linakuwa refu kwa nje, na paka anayerudi anatakiwa aruke huku anasukuma. Weka tofali au kipande cha zege kama kidato, na kisitikisike. Paka akikanyaga kitu kinachoyumba mara moja, hakirudii.

Kibawa kiwe chepesi na kipitishe mwanga. Plastiki ngumu ya milimita 3 inafaa. Hili nimelijua kwa gharama. Kilango cha kwanza kabisa nilikifunga nyumbani kwangu, na kibawa nilikichonga kwa mninga, nikakipiga randa na msasa mpaka kikang'aa. Paka wetu Kaniki alipita mara moja tu. Kile kibao kizito kikamwangukia mkiani. Nilisikia alivyolia, na kwa wiki tano hakutaka hata kukaa upande ule wa jikoni. Nilikitoa siku ileile, lakini yeye alikuwa ameshaweka kumbukumbu yake.

Harufu nayo ina neno. Rangi, gundi na plastiki mpya zinamkera paka kuliko zinavyokukera wewe. Osha kibawa kwa maji na sabuni kidogo, kianike. Usitumie zile dawa za kusafishia zinazogeuka nyeupe kama maziwa ukizitia majini. Zina sumu kwa paka, naye akizikanyaga atalamba miguu. Kisha chukua kitambaa safi, msugulie paka mashavuni taratibu, sehemu ileile anayopenda kujisugulia kwenye miguu ya meza, ukipitishe kitambaa hicho kwenye fremu ya kilango. Hapo kitu kigeni kinakuwa na harufu yake mwenyewe. Rudia kila siku.

Hatua ya pili: tundu tupu

Toa kibawa kabisa. Usikifunge juu kwa tepu, kitoe, maana paka akikiona kinaning'inia hapo juu ataendelea kukishuku. Acha tundu wazi mchana kwa siku tatu au nne. Usiku ukihofia mbu na panya, ziba kwa kipande cha plaiwudi.

Somo linafanyika kabla ya chakula cha jioni, paka akiwa na njaa ya kawaida. Nasisitiza ya kawaida. Wapo wanaomfungia paka bila kula siku mbili ili "akikubali". Hiyo ni dhuluma, na ni hatari, kwa sababu paka asipokula siku kadhaa ini lake linaweza kuharibika.

Kaa upande wa pili wa mlango, chuchumaa, shika dagaa mchele wachache au kipande cha kibua kilichochemshwa bila chumvi wala kitunguu. Mwite kama unavyomwita siku zote. Dagaa wa kwanza muwekee kabla ya tundu, wa pili kwenye ukingo, wa tatu upande wako. Akipita, mpe na umsifu kwa sauti ndogo. Mara nne au tano zinatosha, dakika tano basi. Akiondoka mwenyewe, somo limekwisha. Usimfuate.

Na hapa niseme wazi: usimsukume. Usimshike ukamwingiza kichwa kwenye tundu "aone njia". Ndilo kosa ninalolikuta mara nyingi kuliko yote, na mara nyingi limefanywa kwa nia njema na watoto wa nyumba. Paka aliyesukumwa hajifunzi kilango, anajifunza kwamba pale ndipo mahali anapokamatwa.

Hatua ya tatu: khanga

Vitabu vya maelekezo vinavyokuja na vilango vya dukani havina hatua hii, lakini kwangu ndiyo iliyoleta tofauti kubwa kuliko zote. Nilikuwa nyumbani kwa mteja mmoja, mama mtu mzima, Chumbageni. Paka wake wa rangi ya chungwa alikuwa anapita tundu tupu vizuri, lakini kila nikirudisha kibawa anageuka. Nimekaa nimeshika bisibisi, nimeishiwa maarifa, nikamwona yule paka anatoka chumbani. Pazia la mlango lilikuwa limeshuka mpaka chini. Akaliingia kwa kichwa, likampanda mgongoni, likamteleza mpaka mkiani, wala hakupunguza mwendo.

Nikamwambia, "Mama, huyu anajua kazi hii tangu utotoni. Una khanga kuukuu?"

Nyumba zetu karibu zote zina pazia mlangoni. Paka wa pwani anazaliwa anapita chini ya vitambaa. Tumia ujuzi huo. Kata kipande cha khanga iliyochakaa, laini, kitoshe tundu. Kichane kutoka chini kwenda juu mara mbili, vipande vitatu vining'inie. Kibane juu kwa pini za ubao. Siku ya kwanza kifupishe kizibe robo ya tundu, kesho nusu, keshokutwa chote. Kama khanga hiyo imewahi kulaliwa na paka mwenyewe, ni bora zaidi.

Paka hawezi kuona sawasawa kitu kilicho chini ya sentimita 25 kutoka puani, kwa hiyo akifika mlangoni anategemea masharubu. Khanga inamfundisha kwamba kitu kinachogusa masharubu yake hapa kinasogea, hakimng'ang'anii. Paka wa Chumbageni alimaliza hatua hii kwa siku mbili. Wengine wanachukua wiki.

Hatua ya nne: kibawa kinarudi

Toa khanga, rudisha kibawa, lakini kikae juu. Toboa kijitundu kwenye kona ya chini ya kibawa, pitisha uzi wa mshipi, ufunge kwenye msumari juu ya mlango ili kibawa kisimame karibu kulala, paka apite bila kukigusa. Kila siku legeza uzi kwa upana wa vidole viwili. Siku itafika ambapo kibawa kitamgusa masikio, halafu uso, halafu itambidi asukume. Akisita, rudi nyuma vidole viwili na ukae hapo siku mbili. Kurudi nyuma si kushindwa, unachomlindia ni imani yake.

Kama kilango chako ni cha dukani chenye sumaku, izibe kwa tepu nene kwa sasa. Ule mvuto mdogo usiouhisi kwa kidole, paka anausikia kwa pua. Na sauti uiondoe: kata ukanda mwembamba wa sponji, ubandike pale kibawa kinapogonga fremu. Paka wengi wanaodhaniwa ni waoga wanachukia ule mlio wa "ta!" nyuma ya mkia tu, basi.

Utaona wengine hawasukumi kwa kichwa. Wanatumia mkono, wanakivuta kibawa kwa kucha, kisha wanaingiza pua kwenye upenyo. Waache. Kila paka na mtindo wake.

Hatua ya tano: kuingia ni somo jingine

Wengi wanafurahi mapema hapa. Paka ametoka mwenyewe, wakadhani kazi imekwisha, asubuhi wanamkuta nje analia. Kutoka, anaona mwanga na ndege uani. Kuingia, anatoka juani anasukuma kuelekea giza. Kwake hayo ni mambo mawili. Rudia hatua ya nne ukiwa umekaa ndani, yeye nje, na taa ya jikoni ikiwaka jioni.

Katika siku hizi, nyumba nzima ikubaliane: hakuna kumfungulia mlango mkubwa. Babu akimfungulia mara moja kwa huruma, paka atalia wiki nzima akimsubiri babu. Ni jambo gumu, najua, hasa mvua ikinyesha. Badala ya kumfungulia, nenda kwenye kilango, kiinue kwa kidole kidogo tu, muonyeshe dagaa, amalizie mwenyewe.

Sumaku utaifungua mwisho kabisa, akiwa anapita pande zote mbili bila kufikiri.

Akikataa bado

Tazama masikio yake. Akifika kwenye kilango akachungulia muda mrefu, masikio yanazunguka, mwili umeshuka chini, tatizo haliko mlangoni. Kuna dume la jirani nje. Paka anayetoa kichwa tundu dogo hana namna ya kujitetea, na anajua hivyo. Weka kitu cha kumsitiri karibu na kilango upande wa nje, chungu cha mmea au ndoo, ili atoke akiwa amefichika kwanza. Bakuli la chakula lisikae mbele ya kilango, linawaita wageni.

Paka mzee anaweza kuwa na maumivu ya viungo. Mpe vidato pande zote mbili na umwachie kibawa chepesi kuliko vyote. Kwa nyumba za mawe zenye kuta nene, kama zile za kale za Lamu na Zanzibar, tundu linakuwa handaki. Hapo weka kibawa kimoja tu, upande wa nje, na handaki ulifundishe tupu kwa wiki mbili.

Paka ambaye hajachanjwa kichaa cha mbwa na hajahasiwa, usimfundishe kutoka kwanza. Mpeleke kwa daktari wa mifugo, kilango kitasubiri.

Na mvua za masika zikianza, kagua kilango chako kama kimefungwa kwenye mlango wa mbao. Mbao huvimba, fremu inabana, kibawa kinaanza kukwaruza, na paka aliyepita mwaka mzima anagoma ghafla. Watu hudhani amesahau. Fungua skrubu, piga msasa kingo mpaka kibawa kicheze kwa pumzi ya mdomo, kisha rudisha ile khanga kwa siku mbili kabla ya kukifunga tena.