Somo: Jiji linahamishaje fedha kutoka kifungu kimoja kwenda kingine?

Ndugu zangu wa Tanga, habari za jioni. Juzi mjumbe mmoja wa Makorora aliuliza: "Fungu la madawati lina pesa, vyoo vya shule vimebomoka. Kwa nini Jiji lisihamishe tu?" Nimekaa kwenye uhasibu wa halmashauri miaka mingi na swali hili nimeulizwa sana, kwa hiyo leo twende nalo taratibu.

Kwanza tutenganishe mambo mawili. Kifungu ni fungu la bajeti lililotengewa kazi fulani. Kukihamisha ni kubadilisha ruhusa ya matumizi ndani ya bajeti, na kuna njia halali ya kufanya hivyo. Kuchota akaunti hii ili kuziba pengo la ile ni jambo jingine kabisa, na hilo ndilo linaloumiza watu.

Hatua ya 1. Jua pesa ni ya kazi gani. Hapa ndipo wengi hukwama. Mapato ya ndani, yaani ushuru wa masoko kama Mgandini, ushuru wa huduma na leseni za biashara, Baraza la Madiwani lina sauti kubwa juu yake. Ruzuku ya Serikali Kuu huja na kazi yake mkononi. Mfuko wa pamoja wa afya ni wa afya. Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo una sheria yake ya mwaka 2009 na kamati yake inayoongozwa na mbunge. Halafu kuna asilimia 10 ya mapato ya ndani inayotengwa kwa mikopo: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Hiyo imewekwa kwenye Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa tangu 2018, na hakuna kikao cha Jiji chenye uwezo wa kuigeuza vyoo.

Hatua ya 2. Tafuta bakaa ya kweli, yaani salio la kifungu. Tuseme kifungu cha madawati kilitengewa milioni 40 na zimelipwa milioni 15. Usikimbilie kusema zimebaki 25. Kama fundi ameshapewa oda ya milioni 18, hiyo ni ahadi, hata kama hajalipwa shilingi. Cha kuhamisha ni milioni 7 tu. Zamani tulikuwa na daftari la vifungu, ahadi tunaziandika kwa penseli pembeni na malipo kwa wino. Siku hizi mfumo wa kompyuta unafanya hesabu hiyo, lakini oda isipoingizwa mapema, bakaa itakudanganya vilevile.

Hatua ya 3. Idara inaandika maombi: kifungu kinachotoa, kinachopokea, kiasi, sababu, na kazi gani itaachwa. Hilo la mwisho diwani alisome mara mbili, maana kila pesa inayohamishwa kuna mtaa inaouacha. Mweka Hazina na watu wa mipango wanapitia, kisha menejimenti ya Mkurugenzi.

Hatua ya 4. Kamati ya Fedha na Uongozi, halafu Baraza. Baraza la kawaida hukaa kila robo mwaka, na mwaka wa fedha unafungwa Juni 30. Ukileta maombi mwezi Mei, hata yakipita, manunuzi yatakukimbiza.

Hatua ya 5. Kama ni ruzuku ya maendeleo, muhtasari wa kikao hautoshi. Maombi ya kubadili matumizi yanapitia kwa Katibu Tawala wa Mkoa kwenda TAMISEMI, ofisi ya Serikali Kuu inayosimamia halmashauri. Kibali kikitoka ndipo mfumo unarekebishwa na malipo yanafanyika, si kinyume chake.

MASWALI YA WAJUMBE

Dada wa Chumbageni: Mwalimu, kwani kuazima wiki mbili tu kuna ubaya gani?

Dada yangu, nakupa niliyoyaona kwa macho. Halmashauri moja niliyowahi kufanyia kazi ilichota akaunti ya amana, inayotunza pesa za watu wengine, kununua mafuta ya magari, kwa ahadi ya kurudisha mwezi ukiisha. Ndani ya amana kulikuwa na fedha ya zuio ya mkandarasi aliyejenga madarasa, yaani sehemu ya malipo yake iliyoshikiliwa hadi ionekane kazi haina kasoro. Muda huo wa matazamio ulipokwisha alikuja na faili lake la kijani, akakaa kwenye benchi nje ya ofisi yetu. Akaja tena kesho yake. Ile haikuwa pesa yetu, tulikuwa tumewekeshwa tu. Wakaguzi wakaandika hoja, na mzee wa watu aliendelea kusubiri miezi.

Kaka wa Mzingani: Mtaro wetu umeziba. Jiji lihamishie pesa barabarani?

Barabara za mjini tangu 2017 ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, na fedha za Mfuko wa Barabara zinakwenda huko. Jiji linaweza kuongeza nguvu kwa mapato yake ya ndani, ila lipitie hatua hizo hizo. Peleka hoja kwa diwani kabla bajeti haijapita, itakuwa rahisi zaidi.

Bi mkubwa wa Ngamiani: Sisi raia tutajuaje kama wamehamisha?

Shikamoo mama. Kikao cha Baraza ni cha wazi, unaingia na kukaa kusikiliza. Wakifika taarifa ya Kamati ya Fedha, sikiliza maneno "kubadili matumizi", uandike kifungu kilichotoa na kiasi. Kisha mtafute diwani wako nje ya ukumbi, umuulize kazi ipi imeachwa.