Geji ya vakyumu usiisome injini ikiwa sailensa (inanguruma bila kukanyaga mafuta)

Wakuu, hili nimelijua juzi tu gereji: ukifunga pampu ya vakyumu (ile inayonyonya gesi kutoka kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini) kwenye injini ya turbo ya mashindano, geji yake isome turbo ikiwa inasukuma mwisho, sio sailensa, maana hapo ndo gesi inapenya ringi za pistoni kushuka kwenye sampu na pampu inaweza kuzidiwa bila wewe kujua. Kwenye sampu ya kawaida (oili inakaa humo humo) valvu yake ya kuzuia vakyumu isizidi iweke inchi 10 hadi 12 za zebaki, ukizidisha, ule ukungu wa oili unaolainisha pini za pistoni unapungua na pini zinakauka. Halafu sisi wa Dodoma na vumbi letu hili, cheki raba ya stiki ya oili, vakyumu ikivuta hewa hapo injini inakula mchanga. Ringi zikishakufa pampu haikusaidii kitu, fungua injini tu.